Sauti ya Mama Kwenye Kanda ya Egau

Busia Uganda, kwa soko la samaki
Tarehe 9 mwezi wa 11, 2024

Kaka yangu mpendwa Egau,

Nakusalimia salamu nyingi kama dagaa, mukene ya Majanji, ikianikwa siku ya jua kali, hakuna mtu anaweza kumaliza kuhesabu. Uko salama? Mgongo ulikuachilia, ama bado unalia ukiinama? Wifi yangu Anjeline msalimie sana, mwambie kunde ilifika nzima, lakini njugu dereva wa taxi alikula karibu yote, nilimkuta na maganda kwa shati. Sisi hapa tuko. Mguu wangu unavimba nikisimama sana, lakini mdomo wewe unaujua, huo haujawahi kuugua hata siku moja.

Najua unashangaa Apolot ameshika kalamu. Simu iko, kaka, lakini kwa simu nikianza na wewe naishia kwa majirani, na kabla sijafika kwa maneno yenyewe, chaji imekwisha. Hii maneno nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu mwaka huu. Mara zote tatu nikakuuliza habari ya kuku. Kwa hivyo naandika. Na naandika Kiswahili maana Ateso naongea tu, kuiandika sijui, niliacha shule P4 na wewe ndiye ulikuja kunibebea slate. Kiswahili angalau natuma meseji kila siku kwa wateja wangu wa upande wa Kenya. Soma pole pole, na usiruke.

Nianze na Ritah, mtoto yangu, maana nikikosa kumsifu nitapasuka.

Ulisikia alipanga chumba nyuma ya maduka ya kubadilisha pesa? Mara ya kwanza niliingia nikaona ukuta wote umebandikwa trei za mayai, juu mpaka chini. Nikamuuliza, Ritah, kama ni kuku unafuga, kuku wenyewe wako wapi? Akacheka mpaka akakaa chini. Ati hizo trei zinameza kelele za malori, ili maiki isizisikie. Hiyo ndiyo studio, kaka. Kompyuta moja, spika mbili, blanketi kwa mlango, na kinanda kidogo cha plastiki kisicho na sauti yake mwenyewe, sauti yote iko ndani ya kompyuta.

Mama mmoja hapa sokoni, jina sitaji lakini anauza nyanya na ana kovu kwa kidevu, alikuwa anasema msichana gani anajifungia ndani na wanaume wenye gitaa mchana kutwa. Leo huyo huyo mama ameleta kwaya yake irekodi hapo. Alipita mbele ya meza yangu akiangalia mbinguni. Mimi nikamsalimia kwa nguvu.

Watu wanavuka kutoka ng'ambo kumfuata Ritah. Yuko Patroba mmoja, mwimbaji wa injili, mnene, anavaa suti hata jua likichoma. Wimbo wake ukifika pale juu, sauti inavunjika kama kikombe. Ritah anakata kipande kile, anakipandisha ngazi mbili kwa kompyuta, anakirudisha mahali pake, na Patroba anaimba kama malaika aliyeoga. Sasa amewaambia waumini wake ni mfungo wa siku tatu ulimfungua koo. Hii usimwambie mtu. Mimi nimeambia watu wachache tu.

Sasa fuata hapa vizuri. Mwezi wa kumi Ritah alikuja mezani kwangu na simu, akanirekodi nikiita wateja, “Mukene ya leo! Omena ya leo!” vile naita siku zote. Jioni akaniita studio. Akaniambia, mama, bonyeza. Nikabonyeza katikati ya kinanda, nikajisikia mimi mwenyewe, mukene ya leo. Nikabonyeza kushoto, banange, nimekuwa mwanaume! Sauti nzito, inavuta maneno kama mlevi anatoka kwa pombe ya ajon. Ritah akaniambia ni sauti ile ile moja, kompyuta inaichezesha pole pole ndiyo inashuka, na ukienda kulia inaichezesha mbio ndiyo inapanda. Nikaelewa mara moja. Nikamwambia hiyo si kompyuta imevumbua, hiyo ni redio kaseti betri zikiisha! Si unakumbuka mwimbaji alivyokuwa anazeeka katikati ya wimbo? Ritah akasema ndiyo, mama, ni hiyo hiyo. Nilijisikia nimesoma chuo.

Basi nikaenda kulia, nikacheza na vitufe kama mtoto, mpaka kule mwisho. Ikatoka sauti nyembamba, ya mbio, kama kifaranga amekanyagwa. Ritah anacheka. Mimi nikaacha kucheka, Egau. Nikabonyeza tena pale pale. Hiyo sauti ya kifaranga naijua. Ndiyo sauti ya Mama kwenye kanda yako.

Kanda iko kwangu tangu ile siku uliyoitupa. Haujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukuambia. Niliokota kwa majivu ya moto wa matanga, nikaifuta na leso, nikaiweka ndani ya kopo la maziwa na nguo ya Mama. Watoto wangu wote wamekua wakijua nyanya yao Aanyu aliimba kama kifaranga, maana mara moja moja niliwachezea. Walikuwa wanamuiga. Na mimi nawachapa kidogo, halafu naenda nje kulia, maana sauti ya Mama ilikuwa nzito, nzuri, kama ngoma iliyofunikwa na nguo, na nilikuwa nimeanza kuisahau.

Nikaleta kopo. Ritah akatafuta redio ya kucheza kanda siku mbili, akapata kwa fundi mmoja upande wa Kenya, akaiunganisha na kompyuta. Mara ya kwanza alishusha sauti tu, mbio akaiacha vile iko. Ikatoka ovyo, kama mtu anaongea ndani ya pipa la maji huku anakimbizwa na mbwa. Nikamwambia huyo si Mama, huyo ni karani wa kata. Akafikiri, akasema kumbe tunakosea. Kama makosa yalikuwa kwa mota ya redio, mota ilizunguka pole pole wakati wa kurekodi. Sasa tukicheza kwa nguvu sawa kila kitu kinakimbia na kupanda pamoja. Lazima vishuke pamoja pia. Akabadilisha. Ikaanza kukaribia mtu.

Lakini kushuka mpaka wapi? Hapo tukagombana siku nzima. Mimi namwambia shusha tena. Yeye anasema mama, hapo nyanya atakuwa mwanaume. Namwambia haukumjua, shusha. Halafu tena nikashuku mwenyewe, maana miaka thelathini, kaka, masikio yangu yamejaa honi za malori. Na kulikuwa na shida nyingine. Mwanzo wa kanda Mama yuko juu kidogo tu, lakini kadiri anavyoimba anapanda, anapanda, mpaka mwisho ni ndege. Ritah akasema betri zilikuwa zinakufa huku anaimba, kwa hivyo kipimo cha mwanzo hakiwezi kutosha mwisho. Akasema tunahitaji kitu ndani ya kanda ambacho sauti yake haijabadilika mpaka leo.

Nikasema ng'ombe anayelia hapo nyuma ya Mama? Akasema ng'ombe yule alishaliwa. Tukasikiliza tena, tukaziba masikio kwa Mama tukafungulia ya nyuma yake. Mara nikasikia ting, ting, ting, mbali. Nikaruka. Ile rimu ya lori, kengele ya kanisa la kwetu Sikuda! Ulirekodi Jumapili, unakumbuka, Mama hakuweza tena kutembea kwenda kusali. Kengele ya kwanza inalia Mama anapoanza wimbo wa kwanza, na kengele ya pili inalia karibu na mwisho. Kengele mbili, kaka, rimu moja. Ritah akanikumbatia na harufu yangu ya samaki bila kujali.

Tukapanda boda mpaka Sikuda, siku ya Jumatano. Kufika, kanisa lina spika mpya na rimu haipo. Mzee Osinya, yule aliyekuwa anaipiga akiwa kijana, bado yuko, meno ndiyo hayapo. Akatupeleka nyuma ya nyumba yake. Rimu imelala chini, nguruwe wanakunywa maji ndani! Akasema ikilala chini haiwezi kulia, lazima itundikwe. Tukamwaga maji, tukaiosha, nguruwe wanatulalamikia, tukafunga kamba kwa boriti ya jikoni. Nikamwambia apige vile alipiga zamani. Akasema lazima atafute nati yake. Kaka, bado anayo ile nati kubwa ya gurudumu, mke wake anapondea njugu. Ritah akashika maiki, Osinya akapiga. Moyo wangu ukarudi nyumbani. Kuku wakaruka, na baada ya dakika chache wakaanza kufika wamama na Biblia, ati kuna maombi gani siku ya Jumatano? Tukaona haya, tukasali kidogo ili wasitembee bure.

Studio, Ritah akaweka ile rimu mpya upande mmoja na rimu ya kwenye kanda upande mwingine. Kengele ya kwanza, akashusha ngazi moja, mbili, tatu, zikakaa pamoja kama mtu na kivuli. Kengele ya pili ilitaka ngazi saba. Akavuta mstari kwa kompyuta kutoka tatu mpaka saba, mteremko kama barabara, ili kila neno la Mama lishuke kipimo chake. Alifanya hiyo kazi siku nne. Alikataa wateja. Hata Patroba alikuja na suti yake akarudishwa mlangoni.

Siku ya tano akaniita, akanikalisha, akafunga mlango na blanketi. Akabonyeza.

Egau, Mama aliingia ndani ya kile chumba. Siwezi kuandika vizuri. Ule uzito wake, na kile kikohozi kidogo kabla ya kuanza, na vile alikuwa anavuta neno la mwisho kama hataki kuliachilia. Hata pumzi yake ilikuwa inachukua muda wake sawa sawa. Nilimwambia Ritah, huyo ndiye aliyenizaa. Na mtoto yangu, aliyezaliwa Mama ameshaondoka, akaniambia, mama, kumbe ninyi wawili mnafanana. Nimeringa nayo hii wiki mbili. Nimeuza samaki nikiringa. Msichana wa soko la Busia, hajafika chuo kikuu, amemtoa nyanya yake ndani ya kifaranga! Waniletee profesa yeyote.

Sasa kuna jambo la mwisho wa kanda. Unakumbuka pale mwisho kulikuwa na kelele ya haraka, ti-ti-ti, kabla ya kukatika? Sisi wote tulidhani ni kanda imekwaruzika. Si mkwaruzo. Ni maneno, ni Mama anaongea na wewe. Wimbo umekwisha, anapumua, halafu anasema: “Egau, mwanangu, zima sasa. Utamaliza betri zako mpya.”

Betri zako mpya. Mama alijua, kaka. Aliona ukizitoa kwa karatasi.

Hapo Ritah akageuka na kiti chake kinachozunguka, akaniangalia. Akauliza, mama, kama betri zilikuwa mpya, mbona redio ilifanya hivi? Huyo mtoto ana akili mpaka inaudhi. Nikasema ngoja nikachunge meza yangu sokoni. Nikatoka. Na tangu siku hiyo sijalala vizuri, ndiyo unaona barua.

Anjeline, kama ni wewe unamsomea, hapa mpe mwenyewe asome. Wewe utapika chai.

Kaka, zile betri niliziiba mimi.

Ulifika Jumamosi kutoka Tororo na redio kaseti yako kubwa, uliyoinunua kwa kubeba mifuko ya simiti, na betri sita mpya, ili urekodi Mama kabla hajatuacha. Mimi nilikuwa na ile redio ndogo ya Baba, inakula betri tatu. Jumapili saa nane kulikuwa na kipindi cha salamu, na kijana mmoja wa Majanji, mvuvi, alikuwa ameniambia ameandika kadi, jina langu litasomwa redioni na Uganda nzima itasikia. Betri zangu zilikuwa zimekufa. Nilizianika juu ya bati siku tatu, nikaziuma na meno, zikapata nguvu ya kukoroma tu. Asubuhi hiyo wewe ulikwenda kuoga. Nikafungua redio yako nyuma, nikatoa mpya tatu, nikaweka zangu za kuanikwa tatu, nikafunga. Nilifikiri tatu kwa tatu zitasaidiana. Nilifikiri ikiwaka inatosha. Sikujua inaweza kuwaka na bado ikaharibu.

Ukarekodi, haukurudisha nyuma kusikiliza, ukasema unatunza betri. Mama akaondoka wiki mbili baadaye. Siku ya matanga baba mdogo Ikwap akaleta betri ya gari, ukaunganisha, watu wote kimya, na Mama akatoka kifaranga. Vijana wakacheka. Na Ikwap akasimama mbele ya watu akasema umekunywa pesa ya betri nzuri, ukanunua za takataka, umemharibu mama yako mpaka kwenye kaburi lake. Ulisema mara ngapi kwamba zilikuwa mpya? Uliapa. Uliniangalia hata mimi, ukasema Apolot aliniona nikizifungua. Na mimi, mwenye mdomo ambao haujawahi kuugua, siku hiyo nilinyamaza. Niliangalia chini.

Ukatupa kanda kwa moto, ikaangukia majivu ya pembeni yaliyopoa, ukarudi Tororo, na tangu hapo haujakanyaga maombi ya Mama hata mwaka mmoja, wewe uliyekuwa unaimba naye. Nasikia ulikwenda pia kumtukana yule mwenye duka aliyekuuzia, na mpaka leo unazunguka mtaa mzima usipite mbele ya duka lake. Huyo mtu hakukosa kitu. Kama bado yuko hai, mnunulie soda kwa jina langu.

Kila mwaka nilisema mwaka huu nitasema. Halafu nikaolewa, halafu watoto, halafu ikawa kubwa kuliko mdomo wangu. Maana kadi ilisomwa, Egau. Saa nane na nusu jina langu lilisomwa, na aliyeituma ni Tom. Ndiyo, huyo huyo Tom, shemeji yako, baba Ritah. Betri zako ndizo zilimleta. Nikikosa kuziiba labda sina Ritah, na Mama angekuwa na sauti yake, na wewe ungekuwa nyumbani. Nimejaribu kuipima hii, siwezi. Najua tu nilichukua kwako, na mtoto aliyetoka humo ndiye amerudisha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimeshakwenda kwa baba mdogo Ikwap juzi, nikamwambia yote. Ni mzee sasa, anasikia na sikio moja. Nilipomaliza akasema nizungumze kwa nguvu, nikarudia yote tena kwa kelele, na mlango wa jirani ukafunguka, kwa hivyo Sikuda nzima inajua. Ikwap ameuliza kama utakubali akushike mkono mbele ya watu, maana alikusema mbele ya watu. Nikamwambia sitakujibia. Nilishakujibia mara moja kwa kunyamaza, inatosha.

Maombi ya Mama ni Jumamosi tarehe kumi na nne mwezi wa kumi na mbili, hapo hapo nyumbani Sikuda. Ni miaka thelathini. Ritah ataleta spika zake kubwa, mzee Osinya ataipiga rimu, amekataa kuirudisha kwa nguruwe. Mimi nitasimama kwanza niseme kwa mdomo wangu nilichokufanyia, bila kucheka na bila kupita kwa majirani. Halafu Mama ataimba. Lakini nimemwambia Ritah asibonyeze kitu chochote mpaka wewe ukae kwenye kiti cha mbele. Usipokuja, tutasali, tutakula, tutarudi nyumbani, na kanda itarudi kwa kopo. Sauti hiyo uliirekodi wewe. Haitatoka bila wewe.

Ritah anakusalimia, anasema anataka kumuona mjomba aliyeweka maiki mbali kidogo na mdomo, maana ati ulirekodi vizuri kuliko vijana wa siku hizi. Tom anakusalimia, ameona haya, anajificha nyuma ya nyavu. Nisalimie Anjeline na watoto, na huo mgongo wako uupake mafuta usije ukakupa sababu ya kukaa.

Kama ile redio kaseti yako bado iko, kuja nayo. Betri naleta mimi, mpya, nitazifungua mbele yako.

Ni mimi dada yako mdogo,
Apolot, mama Ritah